Injini ikizima na usukani ukawa mzito gari likiwa mwendoni: la kufanya, na jinsi ya kutafuta chanzo

Gari linakwenda vizuri, mara injini inakata moto, dashibodi inajaa taa nyekundu, na usukani unakuwa mzito kama umeshikwa na mtu. Madereva wengi wakifika kwa fundi husema vimeharibika vitu viwili kwa mpigo, injini na stelingi. Mara nyingi sivyo. Kimeharibika kimoja, na cha pili kimekifuata. Ukijua kipi kilitangulia umeshafika nusu ya safari ya kupata chanzo, na ndiyo maana mwongozo huu utarudia swali hilo hilo kila hatua: nini kilianza?

Lakini tuanze na usalama. Chanzo kinaweza kusubiri, gari lililo mwendoni haliwezi.

Kwa nini usukani hufuata injini

Magari mengi yana pawa stelingi ya haidroliki. Kuna pampu mbele ya injini inayozungushwa na mkanda, na pampu hiyo ndiyo inayosukuma oili yenye presha ili kuisaidia mikono yako. Injini ikisimama, mkanda umesimama, pampu imesimama, na msaada umekwisha. Usukani wenyewe haujakatika. Bado umeungana na matairi kwa chuma: shafti ya usukani, reki, tairodi. Ukivuta, matairi yatageuka. Tofauti ni kwamba sasa unavuta kwa nguvu zako peke yako, na juu ya hapo unaisukuma oili iliyolala ndani ya mfumo.

Magari mapya zaidi yana stelingi ya umeme, ambayo husaidiwa na mota inayokula umeme wa betri. Huko injini ikizima kwa sababu ya mafuta, kwa mfano, usukani unaweza kubaki mwepesi kwa muda, kwa kuwa betri bado ipo. Kilichoua injini kikiwa ni umeme wenyewe, vyote viwili hukatika papo hapo.

Breki nazo zimo katika hesabu hii. Hidrovaki, lile bakuli kubwa jeusi nyuma ya pampu ya breki, hutegemea uvutaji wa hewa unaotoka kwenye injini, au kwenye pampu maalumu ya kuvuta hewa kama ilivyo kwenye dizeli nyingi. Injini ikifa, ndani yake hubaki akiba ya kukanyaga mara moja, mbili, pengine tatu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu sana. Breki zipo bado, ila zinataka mguu wenye nguvu kweli.

Sekunde za mwanzo

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hupita mita 22 kila sekunde. Kwa 100, ni mita 28. Hakuna muda wa kufikiri upya, kwa hiyo hatua hizi ni za kukariri.

1. Shika usukani kwa mikono yote miwili na utazame unakotaka kwenda. Vuta kwa nguvu, utageuka. Na jambo ambalo wengi hawalijui: gari likiwa bado na kasi, usukani ni mwepesi kuliko unavyodhani. Uzito huongezeka kadiri kasi inavyopungua. Basi anza kutoka pembeni mapema, gari lingali na mwendo. Usingoje hadi linakaribia kusimama, hapo ndipo utatoka jasho.

2. Usichomoe ufunguo, na usiuzungushe kurudi hadi mwisho. Ukiutoa, kufuli ya usukani inaweza kuingia, na hapo ndipo usukani utakapofungwa kweli. Gari la kubonyeza kitufe, usikishikilie kitufe: katika magari mengi kukibonyeza kwa sekunde chache, au kukibofya mara kadhaa mfululizo gari likiwa linatembea, huzima kila kitu kilichobaki.

3. Kanyaga breki mara moja, ongeza nguvu taratibu, wala usiachie. Usipige pampu. Kila ukiachia mguu unatumia akiba ya hidrovaki, na akiba hiyo hairudi injini ikiwa imezima.

4. Washa taa za hazadi. Mara nyingi hufanya kazi hata ufunguo ukiwa umezimwa, kwa kuwa hulishwa moja kwa moja na betri.

5. Gia ya mkono: usikimbilie kukanyaga klachi. Gari likiwa ndani ya gia, matairi yanaendelea kuizungusha injini, na injini inaendelea kuzungusha pampu ya stelingi na kuvuta hewa ya breki. Ukikanyaga klachi umeviua vyote. Isipokuwa kama matairi yanabana na kuburuzwa, au unasikia vyuma vinagongana, hapo kanyaga klachi mara moja, kwani injini imenoki, yaani imekwama ndani. Gari la otomatiki halikupi nafasi hii kwa uhakika, kwa hiyo huko tegemea mikono na mguu.

6. Kama barabara ni tupu na bado una kasi, jaribu kuwasha mara moja. Otomatiki: weka N, kamwe si P, kisha washa. Gia ya mkono: likiwa ndani ya gia, ufunguo ukiwa kwenye ON, injini yenye mafuta na cheche itashika yenyewe. Isiposhika, achana nayo. Kuhangaika na ufunguo huku gari likiserereka ndiko kunakomfanya mtu asahau kutazama barabara.

7. Pedali ikigoma kabisa, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, usiipandishe kwa kishindo maana itafunga matairi ya nyuma. Ya umeme, vuta swichi na uishikilie; magari mengi yatapunguza mwendo kwa mpangilio hadi lisimame.

8. Likisimama, toka upande usiopitwa na magari, watoe abiria wote, weka pembetatu nyuma kwa umbali wa kutosha, na msimame mbali na gari. Kukaa ndani ya gari lililokufa barabarani ni hatari kuliko kuzima kwenyewe.

Kabla hujafungua boneti

Hapa ndipo ushahidi mwingi hupotea. Mtu anafungua boneti, anatikisa nyaya, anachomoa betri "ili ijiriseti" halafu anashangaa fundi haoni kitu kwenye kompyuta. Usichomoe betri. Magari mengi ukiyakatia umeme hufuta kodi za hitilafu, na pamoja nazo ile picha ya hali ya injini wakati wa kuzima: mwendo, joto, mizunguko.

Chukua simu uandike, au ujirekodi kwa sauti, mambo haya yakiwa bado mabichi kichwani. Kipi kilianza, usukani kuwa mzito au injini kufa? Taa gani iliwaka kwanza? Je, redio na taa za dashibodi zilibaki au zilikufa zote? Injini ilikata ghafla kama swichi, au ilikohoa na kupungua nguvu kwanza? Mshale wa RPM (mizunguko ya injini) ulianguka sifuri mara moja gari likiwa bado linakwenda, au ulishuka polepole? Ulikuwa umetoka kujaza mafuta, kupita kwenye maji, kupiga shimo, au kukata kona? Injini ilikuwa na joto kiasi gani?

Fundi mzuri atakuuliza haya. Fundi asiyeuliza hata moja na kuanza kutaja bei ya pampu, mwombe apime kwanza.

Vyote vilikufa kwa mpigo, hata redio: tafuta umeme

Kama dashibodi nayo ilikufa au iliwaka na kuzima, mtuhumiwa wa kwanza ni njia kuu ya umeme. Anza na la rahisi: vichwa vya betri. Shika kila kimoja uzungushe kwa mkono. Kikisogea, umepata. Kutu ya unga mweupe au wa kijani chini ya kichwa huweza kuruhusu umeme wa kuwasha redio lakini ukazuia mkubwa, na shimo moja barabarani likatosha kutenganisha.

Kisha fuata waya wa ethi, ule mnene unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Huu husahaulika sana. Ukilegea, gari hufanya vituko visivyoelezeka: taa hufifia ukikanyaga breki, mishale ya dashibodi hucheza, injini hukata na kurudi. Tazama sehemu zake zote mbili za kufungia, si ile ya kwenye betri tu. Baada ya hapo ni fyuzi kuu na rilei kuu (swichi ndogo inayofungua na kukata umeme). Rilei ya aina moja mara nyingi hutumika mahali kadhaa kwenye sanduku la fyuzi, kwa hiyo unaweza kubadilishana na ya honi ili kujaribu, mradi namba zilizochapwa juu yake zinafanana.

Halafu kuna swichi ya ufunguo, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu inaweza kuua injini na usukani kwa pamoja, na mara nyingi haishukiwi. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani ililazimika kuyaita magari yapatayo milioni 2.6, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, kwa kosa la swichi hiyo. Springi ndogo inayoshikilia ufunguo mahali pake ilikuwa dhaifu. Goti likigusa, gari likirushwa na shimo, au furushi la funguo likiwa zito, ufunguo ulirudi wenyewe kutoka ON hadi ACC, nafasi ya redio tu. Injini ikazima, msaada wa usukani ukakatika, na baya zaidi, mifuko ya hewa ikakosa umeme wa kufunguka wakati gari linakwenda kugonga. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124.

Jifunze jambo moja la vitendo hapo. Swichi iliyochakaa kwenye gari lolote hufanya vivyo hivyo. Gari likiwa limesimama, injini ikinguruma, gia ikiwa P au N na breki ya mkono imevutwa, uchezeshe ufunguo polepole kushoto na kulia bila kuuzungusha kwa nguvu, kisha uuvute chini kidogo. Injini ikikata au dashibodi ikipepesa, umemkamata mhalifu. Na hata ikipita jaribio hilo, punguza mzigo wa funguo. Ufunguo wa gari ubebe ufunguo wa gari.

Usisahau kitu kingine kinachofanana na hiki: alamu na kifaa cha kukata mafuta vilivyofungwa baada ya gari kutoka kiwandani. Vingi hukata waya wa pampu au wa ignisheni na kuupitisha kwenye rilei ndogo. Kiungo kilichofungwa kwa utepe tu, bila kuchomelewa wala kibanio cha maana, kitakuja kuachia siku moja. Kama gari lako lina kifaa cha namna hiyo, mwambie fundi kabla hajaanza.

Taa zilififia kwanza, kisha kila kitu kikafa: alteneta

Ugonjwa wa alteneta, ile inayochaji betri injini ikinguruma, una dalili zake na si wa ghafla kweli, ingawa dereva asiyetazama dashibodi huuona wa ghafla. Taa ya betri inawaka. Baada ya muda waipa zinakuwa nzito, taa za mbele zinapungua, redio inajizima, taa ya ABS na ya stelingi zinawaka. Gari lenye stelingi ya umeme hupoteza msaada hapa, kabla injini haijafa, kwa sababu kompyuta ya stelingi haikubali kufanya kazi volti zikishuka sana. Kisha injini inaanza kukosa na kuzima.

Kipimo chake ni rahisi kwa mwenye multimita. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa na limetulia, isome karibu volti 12.6. Injini ikiwa inanguruma isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya 13 na inaendelea kushuka ukiwasha taa na feni, alteneta haichaji. Baadhi ya magari mapya hupunguza chaji kwa makusudi, kwa hiyo washa taa za mbele na feni kwanza ndipo uhukumu.

Usukani ulikuwa mzito kwanza, injini ikafuata

Kama usukani ulikuwa mzito na taa ya betri ikawaka sekunde ile ile, huku injini bado inanguruma, mkanda umekatika au umetoka kwenye puli. Katika injini nyingi mkanda mmoja huzungusha alteneta, pampu ya stelingi na pampu ya maji. Ukiendelea kuendesha kwa kuwa "bado linakwenda", maji hayazunguki, joto linapanda, na baada ya dakika chache injini nayo inazima, safari hii ikiwa imepinda silinda hedi au imechoma gasketi. Mkanda ni kitu cha bei ndogo na hedi ni ya bei kubwa. Simama.

Mkanda ukiwa umekatika, usifunge mwingine kabla ya kuzungusha kila puli kwa mkono. Mkanda hukatwa na kitu: beringi ya kompresa ya AC iliyokwama, tenshena iliyochoka, puli iliyopinda. Kompresa au pampu iliyokwama inaweza pia kuibana injini kupitia mkanda hadi izime, hasa ikiwa kwenye silensa (mzunguko mdogo, mguu haupo kwenye mafuta).

Kuna sura nyingine ambayo watu huichanganya na hizi. Injini inazima kila unapozungusha usukani hadi mwisho kwa mwendo mdogo, kama wakati wa kuegesha. Hapo usukani ndio unaoua injini. Pampu ya haidroliki ikifikia mwisho hudai nguvu nyingi, na kompyuta inapaswa kuongeza mizunguko kidogo ili kuibeba. Throto (mlango wa hewa ya injini) ikiwa imejaa masizi, au vali ya silensa imechoka, injini haina pa kupata nguvu hiyo, inakata. Kusafisha throto hutibu wengi wa wagonjwa hawa. Kwenye otomatiki, injini inayozima kila unaposimama inaweza pia kuwa na klachi ya toki konveta (kiungo cha injini na giaboksi) iliyogoma kuachia, na hilo ni la fundi wa gia.

Injini ilikata, lakini taa na redio zilibaki

Umeme mkuu upo. Sasa ni mafuta, cheche, au taimingi.

Rudi kwenye mshale wa RPM. Kama ulianguka sifuri papo hapo huku gari la gia ya mkono likiwa bado ndani ya gia, yaani injini bado inazungushwa na matairi, basi kompyuta imepoteza habari za mzunguko. Hiyo ni sensa ya kranki, inayosoma mzunguko wa injini, au waya wake. Sensa hii ina tabia inayoitambulisha: hufa ikipata moto na hufufuka ikipoa. Gari linazima, linakataa kuwaka kabisa, unasubiri nusu saa, linawaka kama halikuwa na shida. Wiki ijayo linarudia. Kodi yake ni P0335, na ya sensa ya kemu ni P0340, lakini kukosekana kwa kodi hakuiondolei sensa lawama, kwa sababu nyingine hufa bila kuandika kitu. Koili na moduli za ignisheni za zamani nazo huwa na tabia hii ya joto.

Kama injini ilipungua nguvu, ikakohoa, ikavuta na kuachia, kisha ikafa, tafuta mafuta. Weka ufunguo ON bila kupiga stata na usikilize upande wa siti ya nyuma: kwenye gari la petroli utasikia pampu ikivuma kwa sekunde kama mbili. Kimya kabisa maana yake pampu, rilei au fyuzi yake. Kuvuma hakuthibitishi kwamba presha inatosha, hilo ni la geji ya presha tu; kodi ya P0087 huashiria presha ndogo. Pampu iliyo ndani ya tangi hupoozwa na mafuta yanayoizunguka, na gari linaloishi taa ya mafuta ikiwa imewaka huichosha mapema. Baadhi ya magari yana swichi ya usalama inayokata pampu yakigongwa, na kishindo kikubwa cha shimo huweza kuifyatua. Kitabu cha gari kitakuonyesha ilipo, na kuirudisha ni kubonyeza kitufe, baada ya kuhakikisha hakuna mafuta yanayovuja. Likizima muda mfupi baada ya kujaza, shuku maji kwenye mafuta. Kwa dizeli, ongeza filta iliyoziba na hewa inayoingia kwenye mabomba.

Sasa sikiliza stata. Ikizungusha injini haraka na kwa wepesi usio wa kawaida, bila yale mapigo ya mgandamizo, simama hapo hapo na usipige tena. Huenda taimingi belti, mkanda unaozifungua vali kwa wakati wake, imekatika. Katika injini nyingi pistoni na vali hupita nafasi moja kwa zamu, na belti ikikatika hugongana. Kila unapopiga stata unaongeza vali zilizopinda.

Stata ikipiga "ko!" mara moja na injini isizunguke ilhali betri ni nzima, injini inaweza kuwa imenoki kwa kukosa oili au kwa joto. Pima oili kabla ya jambo jingine lolote. Na kama ulipita kwenye maji marefu kisha ikazima, usijaribu kuiwasha hata kidogo. Maji hayagandamizwi, na pistoni inayoyasukuma hupinda konrodi, mkono wake wa chuma. Plagi zitolewe kwanza (noseli au plagi za joto kwa dizeli), maji yatoke, ndipo izungushwe.

Usukani peke yake, injini nzima

Haidroliki: tazama kibakuli cha oili ya stelingi. Kikiwa kitupu kuna uvujaji, na mlio wa kulia ukikata kona ni pampu inayovuta hewa. Usijaze tu na kuondoka, kwa kuwa oili ikimwagikia egzosi yenye moto inaweza kuwaka. Umeme: zima, subiri dakika chache, washa. Ukirudi kuwa mwepesi huenda mota ilipata joto au volti zilishuka, na bado inahitaji kupimwa.

Ila kuna hali moja ambayo ni tofauti na zote zilizotajwa. Usukani haujawa mzito, umekuwa mlegevu. Unazungusha na gari halifuati, au linafuata kwa kuchelewa. Hapo chuma kimeachia: tairodi endi, boljointi, jointi ya shafti ya usukani. Hili halina msaada wa mikono. Achia pedali ya mafuta, kanyaga breki kwa upole gari likiwa limenyooka, na ukishasimama usiliendeshe hata mita kumi kwenda gereji. Libebwe likiwa limepakiwa juu ya lori. Dalili zake huanza mapema: kugonga "kok kok" kwenye kona na mashimo, usukani wenye uwazi kabla matairi hayajaanza kugeuka, tairi moja la mbele kuliwa upande.

Ukifika gereji

Mpe fundi mpangilio wa matukio ulioandika, na uombe mambo matatu kabla ya kununua chochote: asome kodi zote pamoja na picha ya hali ya injini, na si za injini tu bali za stelingi na ABS pia, apime volti kwenye betri na upotevu wa volti kwenye ethi wakati stata inapiga, na kama gari sasa linawaka, aliache lingurume hadi lipate joto kamili huku kompyuta imeunganishwa, kwa sababu hitilafu ya joto haionekani injini ikiwa baridi. Kodi ya P0562 (volti ndogo) au U0100 (kompyuta ya injini haipatikani) pamoja na kodi nyingi za mifumo mbalimbali kwa wakati mmoja ni ishara ya umeme mkuu au ethi. Usibadilishe kompyuta tano kwa sababu ya nati moja iliyolegea.

Gari likiwaka tena lenyewe barabarani, kishawishi ni kuendelea na safari. Kama umeona kichwa cha betri kilicholegea ukakikaza, sawa. Kama hujaona sababu, lipeleke gereji ya karibu kwa njia isiyo ya kasi, au livutwe.

Vya kukagua kabla hakijatokea

Kaza vichwa vya betri na utazame ethi kila unapokagua oili. Angalia mkanda: nyufa, nyuzi zilizochomoza, mng'ao wa kuteleza. Taimingi belti ibadilishwe kwa kilomita au kwa miaka, kimojawapo kitakachotangulia, kama kitabu cha gari kinavyosema. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Ukinunua gari lililotumika na hujui historia yake, ihesabu belti hiyo kuwa imekwisha muda.

Hidrovaki unaweza kuipima mwenyewe leo. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu. Hesabu ni mara ngapi ilikuwa laini kabla ya kugoma: hiyo ndiyo akiba yako. Kisha kanyaga na ushikilie, washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, hidrovaki inafanya kazi. Isiposhuka, peleka gari lipimwe kabla ya safari ijayo.